Nukta Zisizotamkwa

"Ubao huu hauingii, Mwalimu," akasema msimamizi wa mtihani, akiurudisha mikononi mwa mzee kwa adabu ya mtu anayemwokotea mkubwa kofia iliyoanguka. "Nimeutafuta katika vifaa vilivyoruhusiwa. Haumo. Na hizi pini ndiyo kabisa."

Mzee akaupokea ubao wake. Angesema nini? Yeye mwenyewe, katika utumishi wake wote, alikuwa amesimama kwenye milango kama ule akiwanyang'anya watahiniwa hata karatasi iliyofungia peremende. Wanafunzi walimwita Rula, na jina hilo hawakumpa kwa sababu ya kupiga mistari peke yake. Alipata kumtoa nje ya chumba cha mtihani mtoto wa dada yake tumbo moja, kwa kosa la kumnong'oneza jirani, na dada mtu akakaa miaka bila kukanyaga kizingiti chake. Msimamizi huyu naye, mama wa makamo sasa, alipata kuketi dawati la mbele darasani kwake. Yote aliyoyajua kuhusu kanuni aliyapata kwa mzee huyo huyo.

"Kanuni ni kanuni," akasema mzee hatimaye, akisikia maneno yake mwenyewe yakimrudia.

Mjukuu wake, aliyekuwa ameshika kiwiko chake, akacheka. Homa ilimpokonya macho akiwa bado msichana wa sare, lakini kicheko haikukigusa. Babu yake ndiye aliyempa jina la Vidole, siku binti huyo alipomkosoa babu hesabu ya vifungo vya shati lake kwa kuvipapasa tu.

"Usihuzunike, Babu. Ubao wote uko hapa," akasema, akitikisa vidole kumi hewani. "Nitamwambia mwandishi vilevile ninavyomwambia mama nyumbani. Yeye achore, mimi niagize. Kuna bosi kama mimi?"

"Ingia," akasema mzee. "Na usimfanyie mwandishi mzaha. Anafanya kazi ya serikali."

Mwandishi huyo alikuwa karani wa masjala, mwembamba, mwenye sauti ya filimbi na mwandiko uliosifika ofisi nzima. Alichaguliwa kwa sababu mbili: herufi zake zilikuwa nzuri kama zilizopigwa chapa, na kemia hakuijua hata harufu yake. Angechora kile atakachoambiwa, wala si zaidi. Akamshika Vidole mkono, mlango ukafungwa.

Mzee akaketi kwenye benchi la ukumbini pamoja na mkwewe, mama yake Vidole, ubao ukiwa magotini. Ukumbi ulinuka rangi mpya na vumbi la chaki. Wote wawili walijua kilichokuwa nyuma ya mlango ule, wala hawakuwa na haja ya kukitaja. Chuo cha tiba ya viungo kilikuwa kimekubali kumpokea Vidole, maana katika kazi ile mikono ndiyo macho. Ila kilitaka afaulu kemia. Mara ya kwanza alianguka, kwa kuwa shule iliona ni upuuzi kumfundisha kipofu michoro, na maswali ya michoro akayaacha matupu. Chuo kikamwandikia kwamba nafasi yake itangoja mtihani huu, na baada ya huu haitangoja tena. Hapo ndipo mzee aliposema mbele ya watu wazima kwamba mjukuu wake atachora michoro ya Lewis, na atakayecheka na acheke.

Michoro yenyewe si migumu kwa mwenye macho. Kila atomu ina elektroni zake za ganda la nje, nazo huwekwa kama nukta kuizunguka herufi ya elementi. Nukta mbili zikishikana baina ya atomu mbili huwa muungano, na muungano huchorwa kwa mstari. Zile zisizoshikana na yeyote hubaki mahali pake mbili mbili, zikaitwa jozi pweke. Na mchoro uliozisahau jozi hizo umekosewa, hata kama mistari yake imenyooka kama ukuta wa msikiti.

Kwa hiyo mzee akatafuta ubao laini, akauvika kitambaa kizito, akakata herufi za kadibodi, akanunua pini za vichwa vya mviringo. Kila alasiri aliziweka herufi mahali pake, akachomeka pini kwa idadi ya elektroni za kila atomu, kisha akamsukumia mjukuu ubao. Vidole angepapasa, angehesabu kwa midomo, halafu angefunga uzi kutoka pini hadi pini huku akitangaza kwa sauti anachokifunga. Mama yake, ameketi upande wa pili wa meza na kalamu ya risasi mkononi, angechora. Mzee angekagua karatasi na kusema, "Sawa." Alisema "sawa" mara nyingi mpaka mkwewe akamtania kwamba neno hilo lingemchakaza ulimi.

Sasa mkwe huyo alikuwa akiipindapinda ncha ya kitenge chake.

"Baba, sema chochote. Nikikaa kimya nitapiga kelele."

"Mwanangu, tuchore maji."

"Maji tena! Hata ndotoni siku hizi nachora maji." Lakini alikwisha kutoa bahasha kuukuu na kalamu ya risasi mkobani. "Haya. Mimi karani, wewe Vidole. Funga macho, usinipunje."

Mzee akautia ubao katika mfuko wa turubai aliokuja nao, akafumba macho. Akaiga sauti ya mjukuu wake kadiri koo la mzee linavyoweza kuiga sauti ya binti, na mkwewe akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Weka O katikati. H kushoto, H kulia. Unganisha O na H ya kushoto. Unganisha O na H ya kulia. Maji hayo, mama, chota."

Ndivyo hasa Vidole alivyokuwa akisema. Hata lile la kuchota halikukosekana. Mzee akafumbua macho, akapokea bahasha. Akaitazama. Akaigeuza, kana kwamba sehemu iliyobaki ilikuwa upande wa pili.

"Nukta ziko wapi?"

"Nukta zipi, Baba?"

"Za oksijeni! Jozi mbili pweke. Juu na chini."

"Hukuzisema."

"Nyumbani huwa unazichora. Hujazikosa hata siku moja."

"Nyumbani naziona," akasema mkwe, naye bado akitabasamu, maana hakujua alichokuwa akikisema. "Si zipo pale ubaoni? Pini zako. Nachora kinachoonekana." Ndipo tabasamu likamtoka usoni polepole, kama maji yanavyotoka kwenye ndoo iliyotoboka. "Baba. Yule karani anaona nini?"

Mzee aliona alasiri zile zote zikipita mbele yake, na katika kila moja aliuona mkono wake mwenyewe, wenye mishipa na madoa ya uzee, ukichomeka pini kabla mtoto hajaugusa ubao. Vidole hakupata kuweka nukta hata moja. Alizikuta zimekwisha kuwekwa, kama mtoto anavyoukuta mtungi umejaa akadhani maji huzaliwa mtungini. Kazi aliyoijua ni kufunga uzi. Na alipotangaza, alitangaza uzi. Humo ndani sasa, kwa utulivu wa mtu aliyesoma akaiva, alikuwa anamwagiza karani mistari mitupu, na karani, mtu mwaminifu, alikuwa anachora mistari mitupu kwa mwandiko wa kupendeza.

Methani ingepona, kwa kuwa kaboni yake huunganisha zote nne na haibakizi kitu. Lakini maji? Amonia? Kaboni dioksaidi? Maswali ya michoro yalibeba karibu nusu ya karatasi.

"Twende tukamwambie," mkwe akasema, amekwisha kusimama.

"Keti."

"Neno moja tu, Baba. 'Nukta.' Mtoto ana akili, atalidaka. Nitapita dirishani nikohoe, niseme nukta, niondoke."

"Keti, nimesema. Hilo ndilo neno walilolisema wote niliowatoa nje."

"Hao walikuwa wanaiba! Huyu anajua. Anazijua elektroni za oksijeni kuliko anavyoujua umri wangu. Ni sisi tuliomficha, mimi na wewe, bila kujua. Mtu akirudishiwa kilicho chake, ni wizi?"

Hoja ilikuwa na uzito, na mzee aliuhisi uzito wake kifuani. Lakini alikwisha kuzisikia hoja nyingi zenye uzito milangoni mwa vyumba vya mitihani, nyingine zikisemwa na wazazi waliopiga magoti.

"Akiambiwa kutoka nje, cheti kitakuwa cha aliyemwambia."

"Na akikosa cheti, hiyo kanuni yako ndiyo itakayomwongoza njiani nikishakufa? Itamshika kiwiko?" Machozi yalimlenga. "Nakuheshimu, Baba, tangu nilipoingia nyumbani kwako sijakujibu. Leo nakujibu. Akitoka mapumzikoni nitamwambia."

"Ukimwambia," akasema mzee, na sauti yake ikatoka kavu, ya zamani, sauti ya darasani, "mimi ndiye nitakayekwenda kuripoti."

Mkwe akamtazama kama mtu anayemtazama mgeni aliyeingia nyumbani bila kubisha hodi.

"Mjukuu wako?"

"Mjukuu wangu."

Watahiniwa wa aina ya Vidole walipewa muda wa nyongeza na mapumziko mafupi katikati, na haukupita muda mlango ukafunguliwa. Msimamizi akamwongoza Vidole kuelekea bomba la maji lililokuwa mwisho wa ukumbi.

"Salamu tu, jamani," akaonya. "Mazungumzo hapana."

"Mama! Babu! Mpo?" Vidole alikuwa anang'aa. Hiyo ndiyo iliyokuwa ngumu kuliko yote. "Babu, andaa mkono nikupe tano. Ile michoro nimeipiga kama ngo—"

"Nyamaza!"

Neno liligonga kuta. Msimamizi mwenyewe alishtuka.

"Mtahiniwa hazungumzi habari za karatasi," mzee akamalizia, kwa sauti ya chini zaidi.

Nuru ikamtoka Vidole usoni. Akasimama akiwa amegeuza sikio kidogo, kama afanyavyo anapopima mahali asipopajua. Mama yake akavuta pumzi. Mzee akaiona pumzi ile ikiingia, akaliona neno likimpanda kooni mpaka ulimini, akamkazia macho. Akamwona akipigana nalo. Wala hakujua, kwa lahadhi ile, ni lipi alilokuwa analiomba.

"Kunywa maji, mwanangu," mama akasema. "Kunywa mengi."

"Mbona mama unalia?"

"Ni hii rangi ya ukutani. Inachoma."

Vidole akanywa, akafuta mdomo kwa mgongo wa mkono, akarudishwa ndani. Mama yake akahamia mwisho wa benchi, akampa mzee mgongo. Mabega yalikuwa yakimtikisika.

Mzee akabaki amekaa wima, mikono magotini, kama alivyofundishwa kukaa na wamisionari waliomchapa kwa kujikunja. Mtu akimtazama angedhani ametulia. Ndani alikuwa akizunguka kama panya aliyeangukia pipani: kulia ukuta, kushoto ukuta. Alipekua kichwani kanuni zote za mitihani alizozihifadhi, kifungu baada ya kifungu, zile alizokuwa akizitumia kuwafungia watu mlango, akitafuta iliyofungua. Na kweli ikajitokeza moja, ndogo, imejaa vumbi: majibu yaliyoandikwa kwa mkono wa mwandishi sharti asomewe mtahiniwa kabla ya muda kwisha, na mchoro aelezwe kama ulivyo karatasini. Aliwahi kuwasomea wasimamizi wapya kifungu hicho. Hakuwahi kumwona hata mmoja akikitekeleza, kwa kuwa kinakula muda na kinachosha koo.

Akainuka. Alipofika mlangoni akasita, maana lilimjia swali asilolitaka: kama asingejua kosa lililomo ndani, angeinuka? Haki anayoidai mtu kwa sababu amechungulia, inatofautianaje na mnong'ono? Akalipima swali, na kwa mara ya kwanza mizani yake haikutulia. Akabisha.

Msimamizi akatoka, akauegesha mlango nyuma yake. Alimtazama mzee usoni kwa muda, akashusha sauti.

"Mwalimu, sijawahi kukuona hivi. Kama kuna jambo... dirisha la ofisini liko wazi, nataka nikalifunge. Sitakawia sana."

Mzee akaelewa. Mlango ulikuwa wazi upana wa kiganja. Kupitia uwazi ule aliona kisogo cha mjukuu wake na utepe mweupe aliojifunga mwenyewe, kombo.

"Usiende popote," akasema. "Simama hapa hapa, unitazame. Kifungu cha mtahiniwa kusomewa majibu yake, umekitimiza?"

"Ah, kile! Kile, Mwalimu, hakuna anayekifanya."

"Kimo au hakimo?"

"Kimo."

"Basi."

Msimamizi akakunja uso. "Kwa nini unakikumbuka leo?"

"Usiniulize hilo, maana nitakujibu."

Wakatazamana, mwalimu na mwanafunzi. Hakuuliza. Akaingia, na mlango ukafungwa.

Mzee hakurudi kwenye benchi. Alisimama chini ya dirisha la vioo vya kupandana, mahali ambapo hakustahili kusimama, na alijua kwamba hakustahili. Sauti ya filimbi ya karani ikaanza kusoma, bila haraka, kama anayesoma tangazo la zabuni.

"Swali la kwanza. Herufi C katikati. Mistari minne. Kila mwisho wa mstari, herufi H."

"Sawa," ikajibu sauti ya Vidole.

"Swali la pili. Herufi O katikati. Mstari kwenda kushoto, herufi H. Mstari kwenda kulia, herufi H."

Mzee akafumba macho. Sema, mwanangu. Sema.

"Sawa."

Ilikuwa sauti yake yeye, mzee, "sawa" ile ile ya mezani, imepandwa katika kinywa cha mtoto. Akaegemeza paji la uso ukutani. Rangi ilikuwa bado inanata.

"Swali la tatu. Herufi N katikati. Mistari mitatu, na herufi H tatu."

"Sawa."

"Swali la nne. Herufi H, mstari, herufi mbili zilizoshikana, C kubwa na l ndogo."

"Sawa. Endelea, muda unakwenda."

Basi ikawa imekwisha. Kanuni ilikuwa imefungua mlango, na mtoto amepita mbele yake bila kuuona.

"Swali la tano. Herufi O. Mistari miwili. Herufi C. Mistari miwili. Herufi O."

Safari hii "sawa" haikuja, kana kwamba Vidole alikuwa bado anangoja kilichobaki cha O ile ya mwisho.

"Na nini?" akauliza Vidole.

"Na nini vipi?"

"Kuizunguka O. Kuna nini?"

"Karatasi."

"Karatasi na nini?"

"Karatasi nyeupe, dada. Nzuri tu, haina doa."

Kiti kikakwaruza sakafu kwa nguvu, na sauti ya Vidole, ambayo mzee hakupata kuisikia hivyo tangu siku za homa, ikapasuka: "Haina doa? Hata kwenye maji? Hazimo? Rudi nyuma! Rudi swali la pili, haraka! Juu ya O weka nukta mbili. Chini ya O nukta mbili. Mbio!"

"Dada, nukta nazo zina mpangilio wake. Nikiharakisha zitakuwa mbaya."

"Ziwe mbaya! Ziwe kama kinyesi cha inzi, weka tu!"

Mkwe alikuwa amekuja kusimama kando ya mzee, hakumsikia akija. Wote wawili wakasikiliza ncha ya kalamu ya risasi ikizungushwa karatasini, nukta moja, kisha nyingine, kila moja ikiviringwa na kujazwa kwa uangalifu wa mtu aliyepewa sifa ya mwandiko na asiyetaka kuipoteza. Kengele ikalia. Vidole bado alikuwa akiagiza. Msimamizi akasema, kwa sauti iliyokwaruza kidogo, "Kalamu chini," kama alivyofundishwa.

Vidole alitoka akiwa amelowa jasho, utepe umemfunguka. Mama yake akamkumbatia. Yeye akajitoa taratibu, akageuza uso kuelekea mahali pumzi ya mzee ilipokuwa.

"Hazikuwemo, Babu. Zote. Nilidhani zimo."

"Umewahi zipi?"

"Maji nimewahi, na amonia. Halafu nikaruka kwenda ya mwisho. O ya kwanza nimeiwekea zote, ya pili kengele ikalia. Ile ya klorini sikuigusa." Akaukusanya utepe uliomfunguka. "Nilipokuja kunywa maji, ulikuwa unajua?"

Mkwe akautazama ukuta.

"Nilikuwa najua," akasema mzee.

Vidole akatikisa kichwa polepole, kama anayeonja kitu asichokijua. Hakusema ni kitamu au ni kichungu. Watahiniwa wengine wa muda wa nyongeza walianza kutoka vyumba vingine, wakicheka na kusukumana, wakawapita.

"Wewe umesahihisha mitihani miaka mingi," akasema hatimaye. "Ule mchoro wa mwisho, wenye O moja kamili na nyingine tupu. Ungekuja mezani kwako, ungenipa alama?"

Angeweza kusema labda. Neno lenyewe ni fupi, na kwa mtoto aliyesimama pale lingekuwa kama kivuli kwenye jua la utosi. Mkwewe alimgeukia, na macho yake yalimwomba hilo moja tu.

"Nisingekupa," akasema mzee.

Vidole akautafuta mkono wa mama yake, akaupata.

"Basi, Babu, tuombe karatasi yangu isiangukie kwa mtu kama wewe."

Wakatangulia. Mzee akawafuata nyuma kwa hatua nzito hadi kwenye jua la nje, na njia nzima akawa anaomba hilo hilo, kwa midomo na kwa moyo wote: kwamba mahali fulani, juu ya meza fulani, karatasi ile imkute mtu mzembe, aliyechoka, anayetaka kwenda nyumbani.